Mahali pa kielezi ndani ya kishazi cha "that": mwongozo kamili, hatua kwa hatua

"He said that he would come yesterday." "I know that always she is late." "I think that he speaks well English."

Nimesahihisha sentensi za aina hii kwa miaka mingi. Walioziandika wanajua msamiati, wanajua nyakati, hata tahajia ya "unfortunately" haiwasumbui. Kinachowaangusha ni kielezi kimoja tu, yaani neno linaloeleza lini, vipi au mara ngapi, kilichokaa pasipo pake. Nikiwarudishia kazi yenye alama nyekundu peke yake, wiki inayofuata kosa ni lile lile, kwa sababu alama inaonyesha palipoharibika bila kusema pa kuanzia kutengeneza.

Pa kuanzia ni swali moja: kielezi hiki ni cha kitenzi kipi? Sentensi yenye "that" ya maana ya "kwamba" ina vitenzi viwili au zaidi, kimoja kabla ya "that" na kingine baada yake, ndani ya sehemu iitwayo kishazi cha "that", na kila kimoja kinaweza kudai kielezi. Ukishajua mwenye mali, kumtafutia mahali pa kukaa ni kazi ya sheria chache. Wengi huanza na sheria na kuliruka swali, ndiyo maana hurudia kosa.

## Vitu vya kuwa navyo

- Sentensi 10 za Kiingereza ulizoandika mwenyewe, zenye vitenzi kama "say", "know", "think", "hope", "explain" na "suggest" vikifuatwa na "that". Za kitabuni hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa zimeshanyooshwa na mtu mwingine.
- Kalamu za rangi mbili.
- Kamusi ya Kiingereza kwa wanafunzi, ile yenye sentensi za mfano chini ya kila neno.
- Mahali unapoweza kusoma kwa sauti bila kuona haya.

Uwe pia na maneno manne ya sarufi kichwani: kiima, kitenzi kisaidizi, kitenzi kikuu na yambwa. Katika "she has written the letter", kiima ni "she", kisaidizi ni "has", kitenzi kikuu ni "written" na yambwa ni "the letter". Usiendelee mpaka uweze kuvionyesha vyote vinne katika sentensi zako bila kusita.

## Hatua ya 1: Hakikisha "that" yako ni ya "kwamba"

Kiingereza kina "that" zaidi ya moja, na kielezi hakikai mahali pamoja katika zote.

"I know that she often writes." Hapa "that" ni "kwamba".

"The woman that often writes is my neighbour." Hapa ni kirejeshi, kama "-ye-" katika "anayeandika".

"I know that woman." Hapa ni "yule".

Ibadilishe kwa "kwamba" kisha usikilize. "Najua kwamba huandika mara nyingi" inasimama. "Mwanamke kwamba huandika" haisimami. Angalia kinachofuata "that" katika mfano wa pili: ni "often" moja kwa moja, na ni sahihi, kwa sababu "that" yenyewe ndiyo inayofanya kazi ya kiima. Mwanafunzi akiona mfano kama huo hudhani kielezi kinaweza kugusa "that" popote, halafu anaandika "I know that often writes". Kiima kimepotea.

Mwongozo huu unahusu "that" ya "kwamba" tu. Nyingine ziweke kando.

## Hatua ya 2: Mtafute mwenye kielezi

Hapa ndipo nakuomba utumie muda mrefu kuliko hatua nyingine zote.

Piga mstari wima kabla tu ya "that". Upande wa kushoto kuna kitenzi cha kusema, kujua au kufikiri. Upande wa kulia kuna jambo linalosemwa. Piga mstari chini ya vitenzi vya kushoto kwa rangi moja, na vya kulia kwa rangi ya pili. Kisha chukua kielezi na ukipake rangi ya kitenzi chake kwa kufuata maana uliyokusudia, popote kilipoangukia kwa sasa.

Tazama maneno yale yale yakihama:

"She said on Monday that the office was closed." Jumatatu ndiyo siku aliyosema.

"She said that on Monday the office was closed." Jumatatu ndiyo siku ofisi ilipofungwa.

"She said that the office was closed on Monday." Msomaji ataelewa kufungwa, kwa kuwa "closed" ndicho kitenzi kilicho karibu. Kama ulikusudia kusema, umempoteza.

Kielezi hushikwa na kitenzi kilicho upande wake wa mstari, na ukuta huo hakiuvuki kwa urahisi. Ndiyo sababu "He said that he would come yesterday" inampoteza msomaji kama ulikusudia kwamba alisema jana: "yesterday" imeingia upande wa kulia, ikashikwa na "would come", na sasa jana imekuwa siku aliyoahidi kuja. Hakuna haja ya kubadilisha wakati wa kitenzi, kama wengi wanavyojaribu. Kirudishe kielezi nyumbani kwake: "He said yesterday that he would come."

Vielezi vya namna vina hatari hiyo hiyo, ila yao haionekani haraka, kwa kuwa sentensi zote mbili huwa sahihi na hutofautiana kwa maana tu. "I honestly think that he answered" ni mimi ninayesema kwa moyo mweupe. "I think that he answered honestly" ni yeye aliyejibu kwa ukweli. "Only" ndiyo mbaya kuliko zote. "She only said that he was ill" maana yake hakusema zaidi ya hayo. "She said that only he was ill" maana yake wengine walikuwa wazima. Katika barua ya kazini au ripoti, tofauti hiyo inaweza kumletea mtu matatizo makubwa.

Tahadhari. Kiingereza huruhusu "that" iachwe, hasa katika mazungumzo: "I think he knows." Lakini kielezi kikikaa kwenye mpaka, usiiache. "He said yesterday the office was closed" haina ukuta, na msomaji hajui "yesterday" ni ya nani. Rudisha "that" upande unaostahili na utata umekwisha.

Utajua umefaulu hivi: mpe mtu sentensi, umuulize "lini?" au "vipi?" kuhusu kila kitenzi. Akijibu ulichokusudia bila kurudia kusoma, songa mbele. Akisita, mwenye kielezi bado hajulikani.

## Hatua ya 3: Baada ya "that", kiima kwanza

Kielezi kikiwa cha upande wa kulia, usikimbilie kukibandika kwenye "that". Mpangilio wa kawaida ni "that", kisha kiima, kisha mengine.

Kiswahili ndicho kinachotuponza hapa. Sisi husema "najua kwamba siku zote huchelewa" na hakuna anayeshangaa. Ukihamisha mpangilio huo unapata "I know that always she is late", ambayo Kiingereza hakiikubali. Sahihi ni "I know that she is always late."

Vipo vielezi vinavyoweza kutangulia kiima. Vya wakati hufanya hivyo unapolinganisha: "I remember that in the morning the door was locked, but in the evening it was open." "Sometimes" na "usually" navyo huweza, pamoja na maneno ya maoni ya msemaji kama "fortunately". "Always" hapana. "Never" na "rarely" zikitangulia hulazimisha kisaidizi kiruke mbele ya kiima: "He said that never had he seen such a crowd." Ni Kiingereza sahihi, kizito, cha hotuba. Ukiandika "that never he had seen" umekosea, na ukiandika "that he had never seen such a crowd" hakuna atakayekulaumu. Chagua hii ya mwisho.

## Hatua ya 4: Vielezi vinavyokaa katikati

Kundi hili lina "always", "often", "usually", "never", "already", "still", "probably", "definitely" na "also". Vyote hupenda kukaa kati ya kiima na kitenzi kikuu. Fuata mpangilio huu:

1. Kama kuna kitenzi kikuu peke yake, kielezi kinakitangulia: "that she often forgets".
2. Kama kitenzi ni "be", kielezi kinakifuata: "that she is often tired".
3. Kama kuna kisaidizi, kielezi hukaa baada yake: "that she has often forgotten".
4. Kama visaidizi ni viwili au zaidi, hukaa baada ya kile cha kwanza: "that the files have often been lost".

Kwa kanuni ya nne, kielezi cha namna kina tabia yake. Kinasogea kukaa karibu na kitenzi kikuu: "that the files have been carefully checked". Na "have to" na "used to" hazihesabiwi kama visaidizi vya kawaida hapa. Kielezi huzitangulia: "that she always has to wait", "that he always used to call".

Kanuni ya pili nayo ina mlango wa nyuma. "Be" ikiwa neno la mwisho la kishazi, kielezi kinatangulia: "She was late, and I know that she always is." Ukiandika "that she is always" na ukaishia hapo, msikilizaji atabaki akisubiri neno linalofuata.

### Kwa nini kundi hili linatushinda

Kwa sababu Kiswahili hubeba maana hizi ndani ya kitenzi chenyewe. "Husahau" ina "hu-", na mazoea yamo humo humo. "Ameshafika" ina "-sha-". "Hajafika" ina "-ja-". Hatujawahi kutafuta mahali pa kuweka "already", kwa kuwa kwetu si neno la kujitegemea. Kiingereza kinakukabidhi neno zima mkononi na kukudai ulipatie kiti.

Basi jizoeze hivi. "Alisema kwamba wameshaondoka": toa "-sha-" nje ya kitenzi, iwe "already", iweke baada ya kisaidizi cha kwanza. "He said that they had already left." "Alisema kwamba hawajaondoka": toa "-ja-", iwe "yet", ipeleke mwisho. "He said that they hadn't left yet."

"Bado" inahitaji uangalifu zaidi. Kwetu hutangulia: "bado hajalipa". Hivyo watu huandika "I see that still he hasn't paid". Kiingereza kinataka "that he still hasn't paid", kiima kwanza, kisha "still", kisha kisaidizi chenye ukanushi. Unaweza pia kusema "that he hasn't paid yet". Kauli ya "still" ina uchovu wa mtu aliyesubiri kupita kiasi. Ile ya "yet" inaarifu tu.

Kuna pia "sidhani". Sisi husema "sidhani kama ameshafika", tukikanusha upande wa kushoto na kuacha "-sha-" upande wa kulia. Kiingereza nacho hukanusha kushoto, lakini ukanushi huo unavuka "that" na kugeuza "already" kuwa "yet": "I don't think that she has arrived yet." Ukiandika "I don't think that she has already arrived", mwenye lugha ataelewa kwamba unashangaa wazo la yeye kufika mapema kiasi hicho.

### Kielezi na ukanushi

"Probably" na "definitely" hukaa kabla ya kisaidizi kilichokanushwa: "I think that she probably won't come." Ile ya "won't probably come" iache.

"Really" inaweza kukaa pande zote mbili na maana ikageuka. "She admitted that she really didn't understand" maana yake hakuelewa kabisa. "She admitted that she didn't really understand" maana yake hakuelewa vizuri, ingawa huenda alipata kidogo. Kabla ya kuchagua, jiulize: ni kukosa kuelewa ndiko kunakotiliwa mkazo, au ni kiasi cha kuelewa kinachopunguzwa?

## Hatua ya 5: Usiingie kati ya kitenzi na yambwa yake

"Anaongea vizuri Kiingereza" ni Kiswahili kinachosikika kila siku. "He speaks well English" si Kiingereza. Kitenzi na yambwa fupi hushikana, na kielezi cha namna kinasubiri nyuma yao: "I think that he speaks English well."

Wanafunzi makini huuliza: mbona "She explained carefully that the door was locked" inakubalika? Si "carefully" imeingia kati ya "explained" na kinachoelezwa? Imeingia, na ni halali, kwa kuwa kinachofuata ni kishazi kizima chenye kitenzi chake. Ukikipeleka "carefully" mwisho, kitaangukia mikononi mwa "locked", na utakuwa umesema mlango ulifungwa kwa uangalifu. Tofauti ni hii: neno au kirai kifupi hakitenganishwi na kitenzi chake, kishazi cha "that" kinaweza kutenganishwa, na mara nyingi ni lazima.

## Hatua ya 6: Vikiwa vingi mwishoni

Panga namna, mahali, wakati: "We heard that she spoke calmly at the meeting last night." Vikizidi vitatu, sentensi imeelemewa. Kimoja kitangulize au uandike sentensi ya pili.

Unaporipoti maneno ya mtu siku nyingine, neno la wakati nalo hubadilika. "Yesterday" yake inaweza kuwa "the day before" kwako, na "tomorrow" ikawa "the next day".

## Hatua ya 7: Koma

Koma haiwekwi kabla ya "that" hii. "He said, that" ni kosa.

Neno la maoni likiingia katikati ya kishazi, lizungushie koma mbili: "I must tell you that, unfortunately, the room is taken." Koma moja ni sawa na mlango wenye bawaba moja. Ama ziwe mbili au zisiwepo kabisa.

Maelezo yaliyopachikwa baada ya "that" yakirefuka, mkono huandika "that" ya pili bila mwandishi kujua: "He said that, after all the guests had gone home, that he would lock the gate." Futa ya pili. Kosa hili hunaswa kwa kusoma kwa sauti tu, kwa sababu jicho linalipita.

## Hatua ya 8: Vitenzi vya kushauri na kudai

Baada ya "suggest", "demand", "insist" na "recommend", Kiingereza rasmi hutumia kitenzi kitupu, kinachofanana kazi na "-e" yetu katika "nashauri aondoke". Hapa kielezi na "not" hutangulia hata "be": "They demanded that he not be late", "I suggest that she always be present". Ni kinyume cha kanuni ya pili ya Hatua ya 4, kwa hiyo zibandike alama sentensi zako zenye vitenzi hivi uzikague peke yake.

## Hatua ya 9: Pitisha aya nzima

Hii hapa aya yenye makosa yaliyozoeleka:

"The manager said that yesterday the workers finished well the job. He explained that always they are careful and that still he has not received any complaint. He thinks that they won't probably need help."

Sentensi ya kwanza: uliza mwenye "yesterday". Kama ni siku ya kusema, ipeleke kushoto. Kama ni siku ya kumaliza kazi, ibaki kulia, mwishoni. "Well" inakaa kati ya kitenzi na yambwa, iondoe. Unapata ama "The manager said yesterday that the workers had finished the job well" au "The manager said that the workers finished the job well yesterday." Sentensi ni mbili kwa sababu maana ni mbili, na anayejua ipi ni sahihi ni wewe mwandishi peke yako.

Sentensi ya pili: kiima kwanza mara zote mbili. "He explained that they are always careful and that he still has not received any complaint."

Ya tatu: "probably" kabla ya ukanushi. "He thinks that they probably won't need help."

Sasa zichukue zile sentensi zako 10. Piga mstari kabla ya kila "that", paka rangi, sogeza, kisha ziache zilale hadi kesho. Ukizisoma kwa sauti asubuhi, pale ulimi utakapojikwaa rudi Hatua ya 2 kabla ya kugusa kitu kingine.